Sauti Mbili Zisizotengana: Kuisikiliza Tancut Almasi baada ya A.R. Kane

Muziki unaoitwa popu ya njozi hutambulikana kwanza kwa mahali inapokaa sauti ya mwimbaji. Katika popu ya kawaida sauti huwekwa mbele, kavu na karibu, vyombo vikaipisha ili kila neno lisikike. Katika popu ya njozi sauti husogezwa nyuma, ikazungushiwa mwangwi, ikapunguziwa ukali wa konsonanti, hata msikilizaji akajikuta anafuata mkondo wa irabu kuliko maana ya maneno. Umbali huo ndio fani yenyewe. Umepimwa na kukusudiwa, na anayetaka kuuhakiki muziki huu hana budi kuuliza umejengwa kwa nyenzo gani, umewekwa sehemu ipi ya wimbo, na unamweka msikilizaji wapi.

Waliolipa umbo hilo jina lake ni vijana wawili wa mashariki ya London, Alex Ayuli na Rudy Tambala, waliojiita A.R. Kane, na Ayuli ndiye anayehesabiwa kuwa mbunifu wa jina hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Ayuli ana asili ya Nijeria, Tambala ana asili ya Malawi kwa upande wa baba, na msomaji wa Mbeya hawezi kulipita hilo bila kusimama kidogo, maana kutoka Mwanjelwa hapa Mbeya hadi mpaka wa Malawi, Kasumulu, ni safari ya saa chache tu. Sidai kwamba Ziwa Nyasa linasikika katika magitaa yao. Ninachodai ni kwamba muziki ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa mali ya vijana wa Kizungu wenye magitaa na huzuni ulipewa jina na watu weusi wawili waliokuwa wakisikiliza jazi na dabu ya Jamaika kwa bidii ileile waliyoisikilizia bendi ya Cocteau Twins. Kazi zao za awali zilitolewa upya mwaka 2023 katika mkusanyiko wa A.R. Kive, na ndiyo sababu masikio mengi, yangu yakiwamo, yamezifikia sasa kama kitu kipya.

Albamu yao ya kwanza, 69, ya mwaka 1988, inastahili kusikilizwa kwa mpangilio wake, kwa sababu umbali ndani yake hausimami mahali pamoja. Chukua wimbo wa "Baby Milk Snatcher". Kichwa chake kinagusa jina la kejeli alilopewa Margaret Thatcher baada ya serikali kusitisha, mwaka 1971, maziwa ya bure kwa wanafunzi waliozidi miaka 7. Kwa kichwa hicho mtu angetarajia wimbo wa hasira, uliotamkwa waziwazi. Wimbo wenyewe unakwenda kinyume. Besi ni nzito, ya polepole, yenye nafasi kubwa kati ya pigo na pigo kama ilivyo desturi ya dabu. Juu kabisa yako magitaa yanayopiga kelele kwa kujirudia kwenye spika. Katikati, mahali ambapo bendi nyingine ingejaza vinanda na ridhimu, pameachwa uwazi. Sauti ya mwimbaji inapita katika uwazi huo, laini, karibu na pumzi. Besi inamshika msikilizaji miguuni, gitaa linamvuta utosini, na sauti inabaki katikati bila kushikwa na lolote kati ya hayo mawili. Huu ni usanifu wa tabaka, na tabaka muhimu kuliko yote ni lile lisilokaliwa na chombo.

Katika "The Sun Falls into the Sea" nguzo ya besi na ngoma imeondolewa. Hakuna pigo la kuhesabia, kwa hiyo hakuna namna ya kujua umbali uliosafiri tangu wimbo uanze. Milio midogo inayometameta inarudi na kurudi, sauti inaelea juu yake, na wakati unageuka kuwa mahali. Nauhesabu wimbo huu kuwa kilele cha albamu, ingawa najua wako wanaouona mtupu. Utupu huo una mipaka iliyopimwa: kila mlio unapoanza kufa mwingine umeshazaliwa, na sikio halipewi hata nukta moja ya kimya kamili.

Hapa panahitaji maelezo ya kiufundi kidogo, kwa kuwa hoja yangu yote inaegemea juu yake. Robin Guthrie wa Cocteau Twins, ambaye ndiye aliyesimamia urekodi wa santuri ya A.R. Kane iitwayo Lollita mwaka 1987, alijulikana kwa gitaa lililopitishwa katika vifaa vingi kabla ya kufika kwenye spika. Kimojawapo ni pedali ya kuzidisha sauti, ile inayochukua mlio mmoja, ikaunakili, ikaichelewesha nakala yake kwa kitu kama milisekunde 20 au 30, kisha ikaipandisha na kuishusha toni kwa kiasi kidogo mno. Sikio likipokea mlio na nakala yake kwa pamoja halisikii vitu viwili. Linasikia kitu kimoja kipana, chenye kingo zinazotikisika. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita njozi katika muziki huu ni hesabu hiyo: tofauti ndogo sana kati ya vitu viwili vinavyokaribia kuwa kimoja.

Nilipolielewa hilo ndipo niliporudi kwa bendi ya Iringa.

Tancut Almasi Orchestra ilikuwa bendi ya kiwanda. Tancut kilikuwa kiwanda cha kuchonga almasi mjini Iringa, na kama mashirika mengi ya umma ya enzi zile kilikuwa na bendi yake, iliyovuma miaka ya 1980. Nje ya wapenzi wa muziki wa dansi haitajwi sana siku hizi. Majina ya Dar es Salaam, Morogoro na Tanga yameifunika. Wanaoikumbuka huikumbuka kwa "Masafa Marefu" na "Butinini", na kwa waimbaji wake wawili, mapacha waliotoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Hapa Mwanjelwa nyimbo zake bado zinapatikana kwenye vibanda vya kuweka nyimbo katika flashi na memori kadi, zikiwa zimechanganywa na za Maquis na Vijana Jazz, mara nyingi bila jina sahihi.

Wakosoaji wa dansi wamezoea kuisoma bendi kwa magitaa yake: nani alipiga solo, nani alishika ridhimu, besi ilitembea vipi. Njia hiyo ni halali, lakini kwa Tancut inaanzia pembeni. Msingi wa fani ya bendi hii uko kwenye makoo. Muziki wa dansi ulirithi kutoka Kongo uimbaji wa sauti mbili zinazokwenda sambamba, ya pili ikiwa ngazi mbili juu au chini ya ya kwanza. Msikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini aliyelelewa katika kwaya za Moravian au za Kilutheri amefundishwa kuzitenganisha sauti hizo: hii ya kwanza, ile ya pili, yule mama anavuta, yule kijana anapwaya. Anapowasikiliza waimbaji wawili wa kawaida hufanya hivyo bila kukusudia, kwa sababu kila koo lina rangi yake. Kwa mapacha hawa mafunzo hayo yanashindwa. Rangi ya sauti inakaribiana mno, namna ya kuiachia irabu mwishoni mwa mstari inakaribiana, hata mahali pa kuvuta pumzi panakaribiana. Kinachobaki kutofautisha ni toni, na pale wanapoimba noti moja hata hiyo inatoweka.

Tazama basi kinachotokea. Makoo mawili hayawezi kuanza neno kwa wakati mmoja kamili, wala hayawezi kulingana toni kwa ukamilifu. Daima kuna ucheleweshaji wa sehemu ndogo ya sekunde na mtikisiko mdogo wa toni. Hiki ndicho hasa pedali ya Guthrie inachokiiga kwa umeme. Kifaa kile kilitengenezwa ili gitaa moja lisikike kana kwamba ni mawili yanayofanana. Mapacha wa Tancut walikuwa wawili wanaofanana, na upana uleule wenye kingo zinazotikisika ulitoka midomoni mwao kabla haujafika kwenye kipaza sauti. Naiita hali hii urudufu wa asili, na nadai kwamba ndiyo sababu nyimbo za Tancut zina ule ulaini wa kuota ambao wapenzi wake huutaja bila kuueleza.

Lakini njozi ya Tancut ina mpaka ambao ya A.R. Kane haina. Wimbo wa dansi wa miaka ile una sehemu mbili: ya kwanza ya taratibu, inayobeba kisa na uimbaji, kisha chemko, ambapo mwendo unapanda, gitaa la solo linashika usukani na waimbaji wanageuka kuwa waitikiaji. Kwa usomaji ninaoupendekeza, chemko ni kuamshwa. Sauti zilizokuwa zimeyeyuka katika moja zinakatwa vipande vifupi, konsonanti zinarudi na ukali wake, na msikilizaji aliyekuwa amekaa anatakiwa asimame. "The Sun Falls into the Sea" unamwacha mtu alipomchukulia, majini; wimbo wa Tancut unamrudisha ukumbini. Siuoni mmoja kuwa umekamilika zaidi. Naona tu kwamba ule wa Iringa unajua kuwa wasikilizaji wake wamekuja kucheza, na umeifanya safari ya kutoka usingizini kuwa sehemu ya umbo, wakati ule wa London umetungwa kwa mtu aliye peke yake chumbani.

Lipo pingamizi ambalo mhakiki makini atalileta, nami nalipa uzito. Nyimbo hizi tumezipokea kwa redio, kisha kwa kanda iliyonakiliwa kutoka redioni, kisha kwa faili lililonakiliwa kutoka kwenye kanda. Mawimbi ya kati nyakati za usiku, na mawimbi mafupi wakati wowote, hufika kwenye antena kwa njia zaidi ya moja, mengine yakiwa yameakisiwa na anga la juu. Yakikutana hupandishana na kufifishana, na sauti ikawa inaondoka na kurudi. Kanda nayo hula milio ya juu kila inaponakiliwa. Je, huo ulaini ninaousifu si uchakavu tu?

Kwa sehemu, ndiyo, na mwangwi si lazima utokane na ajali ili tuutilie shaka. Bendi ya Zambia iitwayo Amanaz, huko upande wa pili wa reli ya TAZARA, iliiacha albamu yake ya mwaka 1975, Africa, katika michanganyo miwili, mmoja mkavu na mwingine uliojaa mwangwi, na ukiisikiliza yote miwili unatambua kwamba mtunzi na fundi mitambo ni waandishi wawili wa matini moja. Kwa Tancut fundi wa pili alikuwa anga na kanda. Hata hivyo lipo jaribio rahisi. Uchakavu haumchagui mwimbaji: unazifikia sauti za ndugu na za wasio ndugu sawasawa. Sikiliza nakala mbovu kabisa ya "Masafa Marefu", kisha sikiliza nakala mbovu vilevile ya bendi nyingine ya wakati huo yenye waimbaji wawili wasio ndugu. Katika ile ya pili bado utawahesabu waimbaji. Katika ya Tancut utashindwa, na kushindwa huko kunatokana na makoo yenyewe na upangaji wa sauti, hakutokani na kanda.

Ndiyo maana nawaomba wenye kanda za zamani za Tancut, iwe Iringa, Makambako, Mbeya au popote, wanapozihamishia kwenye kompyuta wasizipitishe kwenye programu za kufuta kelele kabla ya kuhifadhi nakala ghafi. Programu hizo hupunguza chochote zinachokiona kuwa ni mvumo usio na umbo, na mtikisiko wa sauti mbili zinazokaribiana unaweza kuhesabiwa humo. Hifadhini kwanza kama ilivyo, na kelele zake zote, andikeni jina la wimbo na la bendi kwa usahihi, ndipo msafishe nakala nyingine. Tancut Almasi ni miongoni mwa bendi tatu au nne bora za uimbaji ambazo Tanzania imewahi kuwa nazo, na haiwezi kuhakikiwa ipasavyo kwa nakala ambazo zimeshafutwa kile kilichoitofautisha.