Kikombe cha mpishi: nimesoma upya "Mwakilishi wa Watu"

Kitabu tulicho nacho kwenye kikundi chetu cha kusoma hakina jalada. Kimeshonwa kwa uzi wa magunia, na mtu amekiandikia jina kwa biki juu ya kipande cha katoni: Mwakilishi wa Watu. Ndiyo ile riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria, A Man of the People, iliyotoka mara ya kwanza Januari 1966. Tulikisoma Jumamosi sita mfululizo, na kila Jumamosi ubishi ulikuwa uleule. Nanga ni mwizi, au ni mtu wa watu kweli? Odili ni shujaa, au ni kijana mwenye wivu tu? Siku moja wazee wawili karibu warushiane viti.

Mimi nilinyamaza muda mwingi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekwama kwa mtu mmoja ambaye hata jina hakupewa: mpishi wa Waziri Koko.

Kwa asiyekisoma, nieleze kwa ufupi. Nchi ni ya Afrika, haitajwi jina, imepata uhuru juzijuzi. Nanga alikuwa mwalimu, sasa ni mbunge na Waziri wa Utamaduni. Odili, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, naye ni mwalimu. Nanga anamwalika mjini akae kwake, anamwahidi kumtafutia nafasi ya kusoma ng'ambo. Odili anakwenda, anakula, analala kitanda kizuri, mpaka siku Nanga anapomnyang'anya mpenzi wake Elsie. Hapo ndipo siasa inamwingia kijana wetu. Anajiunga na chama kipya cha rafiki yake Max, na kusimama kwenye uchaguzi kupambana na Nanga huyohuyo.

Sasa mpishi. Nanga na Odili wamemtembelea Koko, naye ni waziri. Koko anakunywa kahawa, mara anaruka: ameuawa, amewekewa sumu! Mpishi anaitwa, anaponea chupuchupu kupigwa. Halafu akili inamjia. Anakwenda kwenye birika, anamimina kahawa ileile kikombeni, anakunywa mwenyewe mbele yao. Kumbe kahawa ya dukani aliyoizoea bwana mkubwa ilikuwa imekwisha, mpishi akapika ya humuhumu nchini. Na serikali hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inawahubiria wananchi wanunue vitu vya nchi yao. Waziri hakuijua ladha ya kile anachowahimiza wengine wanywe.

Kikundi chetu kilicheka sana pale. Mimi nilicheka pia, lakini kicheko kiliishia kooni. Nimewahi kukinywa kikombe cha namna hiyo.

Kabla ya kuvuka ziwa nilikuwa karani wa mheshimiwa mmoja kule kwetu Kivu ya Kusini. Watu walimchagua kwa kura, na siku matokeo yalipotangazwa nami nilicheza ngoma barabarani. Kwenye karatasi kazi yangu iliitwa asistanti. Kwa kweli nilikuwa kila kitu: mwandishi wa barua, mpokea simu, mtunza muhuri, na msema uongo wa mlangoni. "Papa Honorabule amesafiri, mama, urudi kesho," na viatu vya Papa Honorabule viko palepale kizingitini, yule mama anaviona na mimi naona kwamba anaviona.

Kwa hiyo nikisoma riwaya hii, sisomi habari za Nanga. Nasoma habari za watu wanaomzunguka: yule jamaa wa jicho moja anayemlinda, mhariri wa gazeti anayekuja nyumbani kwake kupewa noti kadhaa ili habari fulani isitoke, mpishi wa mwenzake Koko. Achebe amewaweka kando kando ya hadithi, na wengi tunawapita haraka. Lakini wakubwa kama Nanga hawawezi kufanya lolote bila wao. Mheshimiwa hafuti jina la mtu kwenye orodha kwa mkono wake. Ana mtu wa kulifuta.

Nililifuta mimi.

Ilikuwa baada ya mvua kubwa iliyobomoa nyumba nyingi mtaani. Wafanyabiashara walichanga mabashi, haya ambayo hapa Tanzania mnayaita maturubai, wakayaleta ofisini kwetu tuyagawe. Nilipita nyumba kwa nyumba siku tatu, nikaandika majina ya waliobaki bila paa. Jioni ya siku ya tatu mheshimiwa akaniletea karatasi yake. Yalikuwa majina ya vijana wa kampeni, wale wa kupiga kelele kwenye mikutano. Wengine nyumba zao hazikudondokewa hata na tone. Nikamwambia, "Papa, hawa hawakubomokewa." Akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa: "Mutoto yangu, hii ni mambo ya siasa, haiko mambo ya masomo. Andika tu." Mabashi hayakuongezeka. Ili wale waingie, wengine ilibidi watoke. Nilichagua mwenyewe wa kutoka, maana yeye hakuwajua. Nilianza na wale wasio na mtu wa kuwasemea.

Hakunitisha, wala hakunipa hata senti. Ndiyo maana nasema Achebe alielewa jambo ambalo wengi wanaoandika juu ya rushwa hawalielewi. Nanga si jitu la kutisha. Ni mcheshi, anakumbuka jina lako, anakushika bega. Odili mwenyewe, pamoja na hasira zake zote, anakiri kwamba ukiwa karibu naye ni vigumu kumchukia. Mtego wa mfanyakazi wa mheshimiwa uko hapo hapo. Amri ya mtu mkali unaweza kuikataa ukajiona mwanamume. Mtu aliyekununulia dawa mtoto wako alipougua, utaanzia wapi?

Turudi kwa Odili, maana ndiko ninakotofautiana na wenzangu. Wengi walisema ni shujaa kwa sababu Nanga alipomfuata hadi kwa baba yake na paundi 250 na ahadi ya masomo, ili ajitoe kwenye uchaguzi, alikataa. Kweli alikataa, na baba yake akamwona mjinga. Max yeye alipokea paundi 1,000 kutoka kwa Koko, halafu hakujitoa, pesa akaitumia kwa kazi ya chama. Odili alichukizwa sana na jambo hilo. Mjadala wetu ulichukua Jumamosi nzima: je, kumla mwizi ni wizi? Vijana walikuwa upande wa Max.

Lakini twende mwisho wa kitabu. Uchaguzi umegeuka damu. Max amekanyagwa na gari la watu wa Koko, na mchumba wake Eunice amempiga Koko risasi. Fujo zinaenea, jeshi linachukua nchi, vyama vyote vinapigwa marufuku. Odili ametoka hospitali, anataka kumwoa Edna, binti ambaye Nanga alishamtolea mahari. Mahari lazima irudishwe. Pesa itoke wapi? Mikononi mwake imebaki pesa ya chama. Anaamua kuikopa. Chama si kimefutwa? Nani ataiulizia?

Sentensi zenyewe ni chache, zinapita kimya kimya, na kwenye kikundi chetu hakuna aliyezisimamia. Mimi nilimwomba msomaji arudie. Mtu aliyezikataa paundi 250 mchana kweupe, mbele ya adui, ndiye huyu anayechota kidogo wakati hakuna anayetazama. Na anatusimulia bila aibu, kana kwamba ni jambo la kawaida. Achebe hasemi neno. Hamkemei wala hamtetei. Anamwacha ajisemee mwenyewe, basi. Kwangu hapo ndipo penye uzito wa kitabu kizima kuliko hotuba zote za kampeni.

Maana mimi nami nilikuwa na bahasha. Ilikuwa ya mafuta ya gari la ofisi. Mwezi mmoja nilitoa humo minervali ya mtoto wangu, shule walikuwa wamemfukuza. Nilikuwa na nia ya kurudisha mwisho wa mwezi. Kabla ya mwisho wa mwezi tulikimbia. Hakuna aliyeniuliza mpaka leo, wala hakuna atakayeniuliza. Jambo hili sijawahi kulisema hadharani. Ni kusoma kurasa zile za mwisho kulikonifanya nione kwamba vita havikuifuta ile deni. Vilinifichia tu.

Sasa nimlaumu Achebe kidogo, maana kusifu peke yake si uhakiki.

La kwanza, wanawake. Elsie na Edna wanapita mkononi mwa huyu na yule kama bidhaa, na kwa kuwa msimulizi ni Odili, hatusikii wao walifikiri nini. Mtu atasema ni kasoro ya Odili, si ya mwandishi. Nakubali nusu. Eunice peke yake ndiye anayetenda, na anatenda mara moja tu, kwa bunduki.

La pili linanigusa zaidi. Mpishi baada ya kunywa kile kikombe haonekani tena kama mtu. Tunaambiwa aliponaje, hatuambiwi aliamkaje kesho yake kwenda jikoni. Mimi ndicho ninachotaka kujua! Kesho yake alipika kahawa gani? Kitabu kinaijua aibu ya mfanyakazi, lakini hakikai naye mpaka asubuhi. Badala yake askari wanakuja na kufagia kila kitu. Kweli yenyewe iligongana na kitabu: Nigeria ilipinduliwa tarehe 15 Januari 1966, mwezi uleule kilipotoka. Watu wakamwona Achebe kama nabii. Haya. Ila sisi tuliotoka kwetu tunajua kwamba mtu mwenye bunduki akiingia ofisini, naye anahitaji karani. Orodha zinaendelea kuandikwa.

Na mwandishi mwenyewe yalimfika. Mwaka huohuo wa 1966, watu wa kabila lake walipouawa, alilazimika kuhama Lagos na familia yake kurudi Mashariki. Vita vya Biafra vikadumu kuanzia 1967 hadi 1970, naye akaitumikia Biafra, akitumwa nchi za nje kuisemea. Yaani yule aliyewacheka waheshimiwa akajikuta anavaa suti kusema kwa niaba ya serikali. Silitaji hilo kwa kumsuta. Nalitaja kwa sababu wako wanaosema, "Afadhali kukaa mbali na mambo ya wakubwa." Hata Achebe hakuweza kukaa mbali. Yuko Josiah pia ndani ya kitabu, yule mwenye duka aliyesusiwa na kijiji kizima baada ya kuichukua fimbo ya kipofu. Alikwenda kwa Odili usiku kuomba kumsaidia kwenye kampeni. Odili akamkataa, ana mikono safi. Josiah akahamia kwa Nanga, na ndiye aliyemtambua Odili alipokwenda kwenye mkutano wa Nanga amejificha, Odili akapigwa mpaka akazimia. Kumkataa mtu mchafu ni sawa. Kudhani kwamba ukishamkataa amekwisha, hapo ndipo kijana alipokosea.

Kwa nini nimeandika haya sasa? Kwa sababu zoni yetu imefanya uchaguzi, na mwenyekiti mpya ameniomba niwe karani wake. Anajua niliwahi kufanya kazi hiyo. Hajui niliifanyaje.

Siku zote hapa kambini, jina langu likisomwa au lisiposomwa, huwa simtazami anayesoma. Natazama mkono wa kijana aliyeandika. Najua kalamu inaweza kufanya nini jioni, watu wakishaondoka.

Nilimjibu mwenyekiti kwamba nitafanya, kwa masharti matatu. Kwanza, orodha yoyote nitakayoandika isomwe kwa sauti mbele ya watu kabla haijapelekwa popote, na jina likifutwa, pembeni paandikwe sababu na nani ameagiza. Pili, pesa, hata ya chaki, isikae kwangu peke yangu. Tuwe wawili, na mmoja wetu awe mama kutoka kijiji kingine. Tatu, mtu akija mlangoni na mwenyekiti hataki kuonana naye, nitasema, "Yupo, ila leo hapokei watu." Sitasema amesafiri.

Haya hayamo kwenye kitabu. Lakini bila kitabu nisingeyafikia. Mpishi alijiokoa kwa kunywa mbele ya watu. Nimejiuliza: ingekuwaje kama kila tunachompikia mkubwa tungelazimika kukionja hadharani kabla ya kelele kuanza? Vibaya vingi visingefika mezani. Na karani angekuwa na neno la kumwambia bosi mpole mwenye mkono begani: "Papa, mimi nitaliandika, ila kesho litasomwa chini ya mwembe."

Mwenyekiti alicheka, akasema atafikiri. Ni wiki ya pili sasa, hajajibu. Nimemwazima kile kitabu kisicho na jalada, nimeweka jani la mwembe kwenye ukurasa wa kahawa. Muda wa kuazima ni siku kumi na nne, kwake kama kwa wengine wote.