Shingo ya Kwanza

Rangi ya mafuta ikikaa kwenye kopo lililokwisha kufunguliwa huota utando juu, mzito kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Ukitaka kuifikia rangi yenyewe inakubidi uupasue kwa kijiti pembezoni, uukunje taratibu, uutoe mzima. Ukikatikia ndani, vipande vyake vitakufuata mpaka kwenye picha. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa nilipokwenda kujifunza kuchora, Msasani hapa Dar es Salaam, mwaka mmoja baada ya kustaafu. Wiki nzima nilitoa utando, nikachuja rangi kwa kipande cha soksi ya nailoni, nikaosha brashi za watu kwa mafuta ya taa na kuzifuta kwa vitambaa. Habari ya kuchora haikutajwa.

Fundi aliyenipokea ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Kila asubuhi akiniona naingia huinuka: "Shikamoo mama." Nami namwitikia marahaba. Kisha nakaa kwenye kigoda, yeye anasimama juu yangu, na kuanzia hapo mpaka adhuhuri mkubwa ni yeye. Sijaona mahali pengine ambapo heshima mbili zinapishana mlangoni namna hiyo bila kugongana, na ninaamini lilikuwa jambo la kwanza kunipa moyo. Hakunionea haya kwa sababu ya umri wangu, wala hakunibembeleza.

Miaka thelathini na miwili nilikuwa mtunza hesabu. Katika daftari la hesabu kosa halifutwi. Unapiga mstari mmoja juu ya tarakimu uliyokosea, mwembamba, ili bado isomeke. Unaandika iliyo sahihi juu yake. Unatia herufi mbili za jina lako pembeni ili ajulikane aliyesahihisha. Ni utaratibu wa haki na niliupenda. Lakini mkono uliokaa miaka yote hiyo ukijua kwamba kila kosa litabaki na jina lake hujifunza kusimama kabla ya kuandika. Nilipokabidhiwa brashi yenye rangi, mkono wangu ukafanya ulichokizoea: ukasimama.

Watu huniambia kuchora ni kipaji, kwamba wengine wamezaliwa nacho. Huwajibu kwa kuwakumbusha Edward Saidi Tingatinga, ambaye picha za namna tunayochora hapa zinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge huko Tanga, akaja mjini akashika vibarua vya namna nyingi. Alipoanza kuchora, mnamo 1968, alikuwa mtu mzima aliyepita miaka thelathini, asiyewahi kukaa darasa la sanaa hata siku moja. Alichukua alichokikuta madukani: hadibodi za kupigilia dari, akazikata mraba, na rangi ya makopo inayong'aa, ile ile iliyopakwa baiskeli. Picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuja kununua mboga na mikate. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu wakampiga risasi, akafa. Wanafunzi aliowaacha walikuwa wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao, nao wakafundisha wengine, na hao wengine wakafundisha wengine, mpaka mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika palepale jirani na lile duka.

Tazama picha zake mwenyewe, zile za mwanzo. Mnyama mmoja, mara nyingi ndege au chui, amejaza ubao mzima. Nyuma yake rangi moja tupu. Hakuna mlima wa kujificha nyuma yake wala nyasi za kuzibia miguu iliyokosewa. Mtu ambaye hajasoma anapomweka mnyama mmoja katikati ya ubao mtupu, akamwacha atazamwe, amefanya jambo la ushujaa, nami nimekaa muda mrefu nikijiuliza ushujaa ule aliutoa wapi. Sasa nadhani sehemu yake ilitoka kwenye kopo. Rangi ile haitaki mtu wa kugusagusa. Ni nzito, inafunika kabisa kilicho chini yake, inateleza, na inachelewa kukauka. Inakulazimisha uende.

Nililijua hilo siku ya kupaka rangi ya nyuma. Siku hizi wengi wameacha hadibodi; tunawamba kitambaa cha pamba kwenye fremu ya mbao, tunakivuta mpaka ukikipiga kwa kidole kilie kama ngoma, kisha tunakipaka rangi nyeupe ya msingi na kukipitisha msasa kikikauka. Juu yake inakuja rangi ya nyuma, nayo kwa kawaida ni mbili: yangu ilikuwa bluu ya usiku kwa juu na rangi ya chungwa kwa chini. Zinatakiwa zikutane katikati zikiwa mbichi. Unachukua brashi pana ya inchi tatu, unaanza ukingo wa kushoto, unaivuta mpaka ukingo wa kulia bila kuinua, unarudi, unashuka kidogo, unavuta tena. Mahali uliposita panabaki alama, ufito mweusi kidogo kuliko wenzake, kwa sababu brashi ikisimama inamwaga. Nilisita mara tatu. Picha ile ninayo nyumbani, na usiku wake una fito tatu. Ninaweza kukuonyesha kila mahali nilipoogopa.

"Mama, angalia unakokwenda," fundi aliniambia. "Usiiangalie brashi."

Nilidhani ni maneno ya kunitia moyo tu. Kumbe yalikuwa maelekezo ya kazi, sahihi kabisa. Jicho likikaa kwenye ncha ya brashi, mkono unafuata kila mtetemo mdogo na kujaribu kuusahihisha, na masahihisho hayo ndiyo yanayoufanya mstari uwe na mawimbi. Jicho likitangulia kwenye ukingo wa pili, mkono unalifuata moja kwa moja, kama mtu anayevuka ubao uliolazwa juu ya mtaro.

Baada ya hapo nilipewa kanga. Si nguo, ndege. Umbo lake alikwisha kulipaka fundi, jeusi, mviringo kama jiwe la mtoni, likakauka siku mbili. Kazi yangu ilikuwa kumtia madoadoa. Inasemwa kwamba nguo ya kanga ilipata jina lake kwa ndege huyu, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa na vidoti vyeupe kama manyoya yake, na mimi niliyejifunga kanga maisha yangu yote sikuwahi kumtazama ndege mwenyewe kwa karibu hivyo.

Doa linatiwa kwa ncha ya brashi nyembamba, iliyopunguzwa nywele kwa wembe mpaka zikabaki chache. Unachovya, unagusa, unainua. Doa la kwanza linatoka kubwa na nene, limeinuka juu ya ubao kama tone la uji. La pili linapungua kidogo. Likifika la sita au la saba limekuwa dogo kama punje ya mtama, na la nane halitoki. Mwanzoni nilichovya kila baada ya madoa mawili ili yote yalingane. Fundi alinishika kifundo cha mkono, kwa adabu, akaniongoza: nianze kifuani, penye mwili mpana, nipande kuelekea shingoni bila kuchovya tena. Madoa yakawa yanapungua yenyewe kadiri mwili unavyopungua. Nilipofika shingoni brashi ilikuwa imeishiwa, na shingoni ndiko vinakotakiwa vidoti vidogo kabisa. Nikachovya, nikarudi kifuani, nikapanda njia ya pili. Kufika njia ya kumi na tano ndege alikuwa ameanza kuwa na mwili, ameviringana, bila mimi kujua kanuni yoyote ya kuchora kitu kikaonekana kimeviringana. Nilikaa nikimtazama. Kitu fulani kilitulia ndani ya kifua changu asubuhi ile, nacho hakijaondoka.

Yule kanga alikuwa wa kuiga. Karakana nzima ina kanga wa namna ile, na twiga, na samaki, na pundamilia, na wageni huwa wanauliza kama kuna hata kimoja kilichobuniwa. Ni swali la haki. Mwaka ule ule wa 1932 aliozaliwa Tingatinga, huko Marangu, alizaliwa mchoraji mwingine, Elimo Njau, aliyesoma Makerere, akachora kuta za kanisa la Murang'a, na mwaka 1965 akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali palipobeba jina la mnyama paa anayepaa. Njau ameshika msimamo mmoja bila kuyumba: usiige. Kwake kuiga ni kama kumlaza Mungu usingizi.

Nimelifikiria sana neno lake, maana ninamheshimu. Kwa mtu ambaye mkono wake umekwisha kupatikana, ninakubaliana naye neno kwa neno. Ningependa hata baadhi ya mafundi wetu, ambao wamechora twiga yule yule kwa miaka ishirini kwa sababu ndiye anayenunuliwa, walisikie. Lakini anayeanza hana mkono bado. Msichana anayejifunza kusuka ukili huanza kwa kukaa karibu na bibi yake na kufuata vidole, mwaa juu ya mwaa, na hakuna anayemwambia abuni mkeka. Mtoto chuoni hufuatisha alifu ya mwalimu kwenye ubao mpaka alifu ikae wima. Kuiga kulinipumzisha na swali la nini nichore, nikapata nafasi ya kujifunza namna brashi inavyoshikwa: nyuma kidogo, mbali na nywele, kidole kidogo kikiegemea mahali pakavu, kiwiko kikiwa kimetulia pajani, pumzi ikitoka taratibu wakati mstari unapopita. Mambo hayo hayaingii kichwani. Yanaingia mkononi, na mkono unataka kurudia.

Ukafika wakati wa twiga, na twiga ana shingo.

Shingo huchorwa kwa kwenda mara moja, kutoka begani mpaka nyuma ya sikio. Yangu ilianza vizuri, ikafika nusu, nikashusha jicho kwenye brashi, mstari ukapinda nje kama mpini uliovunjika. Nikashtuka, nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa nikasugua. Rangi ya nyuma haikuwa imekauka vya kutosha. Ikatoka pamoja na shingo, pakabaki doa la kijivu lenye ukubwa wa kiganja, na rangi ya chungwa ya machweo niliyohangaika nayo siku nzima ikawa matope. Nilinyamaza. Nilitaka kunawa mikono niende nyumbani.

Fundi hakusema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ingawa ningemtegemea aseme. Alikwenda ukutani akashusha picha yake moja, kubwa, ya twiga watatu, ambayo mteja alikuwa amekwisha kuilipia. Akaileta mlangoni, akailaza upande mpaka mwanga wa jua ukapita juu yake kwa mshazari, akaniambia niiname. Ukiitazama kwa mbele haikuwa na dosari. Lakini kwa mwanga ule wa kulala, chini ya rangi laini inayong'aa, niliuona mwinuko mwembamba unaopanda sambamba na shingo ya twiga wa katikati, upana wa vidole viwili pembeni yake. Ilikuwa shingo nyingine. Alikwisha kuichora, akaona imekosea, akaiacha ikauke kabisa, akaifunika kwa rangi ya nyuma, akachora ya pili.

"Hii ya kwanza," akasema, akiipitishia kidole. "Ipo."

Nikampa mkono wangu naye akauweka pale, nikaipapasa shingo ile kwa ncha ya kidole kama mtu anayepapasa mshono wa nguo gizani. Nikaomba anionyeshe nyingine. Akashusha ya pili, na ya tatu. Samaki mmoja alikuwa na pezi chini ya pezi. Mbuyu mmoja ulikuwa na tawi zima ambalo hakuna mnunuzi atakayelijua, labda siku moja lipate mtu wa kulilaza kwenye mwanga wa dirisha huko Ulaya. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu katikati ya picha hizi nikidhani zimetoka kwenye mikono isiyokosea. Zilitoka kwenye mikono inayosubiri rangi ikauke.

Nililitambua jambo lile, na kwangu halikuwa geni. Ni daftari langu. Kosa liko palepale lilipotendwa, halikusuguliwa, na lililo sahihi limekaa juu yake. Tofauti ni kwamba kazini niliubeba utaratibu ule kama tishio, na hapa kijana huyu anaishi ndani yake akipiga mluzi.

Nilingoja siku nne kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza na hewa ilikuwa nzito. Nikachanganya chungwa jipya. Halikulingana kabisa na la kwanza, na ukijua pa kutazama utaliona. Nikafunika. Nikangoja tena. Siku ya shingo niliegemeza kiwiko pajani, nikaweka jicho mahali sikio litakapokuwa, nikatoa pumzi na kwenda. Ulipofika juu mstari ulikuwa na mnyooko wake wenyewe, umeinama kidogo kuliko wa fundi, kama twiga anayesikiliza kitu kilicho chini. Fundi alisimama nyuma yangu kwa muda, akaendelea na kazi yake. Baadaye aliuliza kama nitamtia madoa leo au nitangoja. Nikasema nitangoja.

Tingatinga alikuwa akitia jina lake kwa herufi kubwa, E.S. TINGATINGA, mtu anayetaka ajulikane. Hapa mwanafunzi hatii jina kwenye picha mpaka fundi amwambie, na mimi niliambiwa mwezi uliopita, siku twiga wangu alipokauka. Nilichukua brashi ile ya nywele chache, nikachovya kwenye rangi nyeupe, nikatia chini kulia zile herufi zangu mbili nilizokuwa nikitia pembeni mwa tarakimu zilizosahihishwa. Kisha nikaigeuza picha, nikaiegemeza ukutani mbali na vumbi la mlangoni, nikaenda kutoa utando kwenye kopo la bluu.