Hesabu Kwanza, Utabiri Baadaye: Mkulima wa Mpanda na Msimu Mmoja wa Mvua

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mkulima anayeishi Makanyagio na kulima nje ya mji wa Mpanda akikosea kupanda, hana masika ya kufidia vuli iliyoharibika. Atasubiri mwaka mzima. Kabla msimu haujaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza mwelekeo wake: juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Tangazo hilo lina faida kubwa, ila peke yake halimwambii mtu anunue mbegu ipi.

Pengo hilo lilifanyiwa kazi katika wilaya za Longido na Kiteto, katika mpango wa huduma za hali ya hewa ulioanza mwaka 2014 Tanzania na Malawi kwa ufadhili wa Norwei. Mbinu iliyotumika huitwa PICSA, nayo ilibuniwa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Ina hatua 12, na nguvu yake imo katika mpangilio: wakulima huchambua mvua ya miaka iliyopita mapema, wakati bado wana nafasi ya kuchagua, kisha utabiri ukitoka wanarekebisha mipango yao.

Kazi huanza na rekodi za mvua za kila siku. Mahali pasipo na kituo cha kupimia, TMA huweza kutumia takwimu zinazounganisha vipimo vya vituo na picha za setelaiti tangu miaka ya 1980. Mwanzo wa msimu huwekewa kigezo. Kinachotumika mara nyingi ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, bila ukame mrefu kufuata katika siku 30. Kigezo hicho humwokoa mkulima na mvua ya kudanganya, ile inayootesha mbegu kisha ikakata.

Afisa ugani hubandika grafu ukutani, kila mwaka na nukta yake. Wakulima wenyewe huhesabu. Tuchukue mfano wa miaka 30: mbegu ya mahindi inayohitaji siku 120 ilipata msimu wa kutosha miaka 18, yaani misimu 6 kati ya 10. Mbegu ya siku 90 ilipata miaka 27, yaani 9 kati ya 10. Hapo mzee anayekumbuka mwaka wa njaa huutafuta kwenye grafu, na akiukuta, takwimu zinapata imani ya watu.

Lakini mbegu inayokomaa mapema mara nyingi huzaa kidogo mwaka wa neema. Ndiyo maana hufuata bajeti, kwenye karatasi ya manila: kulima, mbegu, mbolea, palizi, vibarua, magunia yatakayovunwa, ya kula na ya kuuza. Hesabu hiyo hupigwa kwa mwaka mzuri, wa kati na mbaya. Kaya yenye akiba inaweza kuvumilia hatari ambayo mjane mwenye ekari moja hawezi kuibeba. Mbinu hii haimpi kila mtu jibu moja, na hapo ndipo inapoheshimu akili ya mkulima.

Udhaifu upo. Grafu moja ya wilaya haitofautishi bonde la mpunga na mahindi ya mlimani, na mafunzo yanadai muda wa maafisa ugani ambao tayari wana vijiji vingi. Grafu nayo haimfai asiyezoea kuisoma mpaka aelekezwe kwa subira.

Hata hivyo, gharama kubwa hapa ni muda, na muda huo upo kabla ya mvua kuanza. Vikao vya kata vikifanyika Agosti na Septemba, mkulima wa Mpanda atausikia utabiri akiwa na bajeti tatu mkononi, na atajua ni ipi ya kuifuata. Halmashauri zetu zianze na rekodi za mvua zilizopo.