Pongezi kwa Wajenzi wa Lothagam
Sisi wa Buruburu, mtaa uliochorwa ofisini kabla jiwe la kwanza halijawekwa, hudhani ujenzi mkubwa lazima uwe na bwana mkubwa. Wafugaji wa Lothagam, Turkana, walionyesha vinginevyo, na tuwape heko. Miaka 5,000 hivi iliyopita walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, wakasimamisha nguzo za mawe na kuzika humo watu wasiopungua 580. Atauliza mtu: je, kaburi la mtemi halijafukuliwa tu? Lakini wazee, akina mama na watoto wamelazwa pamoja, na karibu kila mmoja ana mapambo yake. Mmoja alivikwa kichwani mamia ya meno ya panya wa nyikani. Waligawana heshima hiyo wakati mvua zikipungua na Ziwa Turkana likirudi nyuma.