Jinsi Android ilivyoacha kuamsha programu ovyo

Mtu anatoka nyumbani, Wi-Fi inakatika, simu inahamia kwenye bando. Anachokiona ni alama moja tu iliyobadilika juu ya kioo. Kwenye Android za kabla ya toleo la 7.0 la mwaka 2016, sekunde hiyohiyo ilikuwa ya purukushani. Mfumo ulipiga mbiu kwamba mtandao umebadilika, na kila programu iliyojiandikisha kuisikia ikaamshwa, hata ile ambayo mwenye simu hajaigusa kwa wiki nzima.

Kujiandikisha kulikuwa rahisi mno. Kila programu huja na faili liitwalo AndroidManifest.xml, ambamo mtengenezaji hutaja sehemu zake: skrini, huduma za chinichini, vipokezi vya matangazo. Mistari michache ya kusema kipokezi fulani kinasubiri tangazo la mtandao, CONNECTIVITY_CHANGE, ilitosha. Tangazo likitoka, mfumo uliiwasha programu, ukaitengea nafasi kwenye RAM na kuita onReceive, sehemu ya kipokezi inayoshughulikia tangazo, nayo programu ikatazama kama kuna picha ya kupakia au ujumbe wa kuvuta. Mara nyingi hapakuwa na chochote.

Programu moja ikifanya hivyo, si neno. Zikiwa ishirini kwa mpigo, simu yenye RAM ya GB 1 haina pa kuziweka. Mfumo unalazimika kufunga nyingine, pengine ile uliyokuwa ukiisoma dakika moja iliyopita. Ukiirudia, inaanza upya. Na penye Wi-Fi inayoshika na kuachia, kadhia yote inajirudia kila inaposhika. Lawama zilienda kwa betri.

Dawa ilikuwepo tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, nayo ni JobScheduler. Kwa njia hii programu haikai ikisubiri mbiu. Inaacha maagizo: kazi hii ifanyike kukiwa na mtandao usiohesabiwa MB, au simu ikiwa kwenye chaji. Mfumo hukusanya maagizo ya programu mbalimbali na kuyatekeleza pamoja. Lakini watengenezaji wengi hawakuwa na haraka ya kuhama. Wahame kwa nini? Njia ya zamani ilijibu papo hapo, na chaji inapoisha mapema, mwenye simu hajui amlaumu nani.

Ndipo Google ikaanza kubana. Android 7.0 ikaacha kupeleka tangazo la mtandao kwa vipokezi vilivyotajwa kwenye faili lile, nayo 8.0, ya mwaka 2017, ikaongeza kwenye marufuku matangazo mengi ya jumla. Yalibaki machache yenye sababu. Programu ya kengele, kwa mfano, lazima ijue simu imewashwa upya, kwa kuwa kengele zilizopangwa hufutika simu inapozimwa.

Hata hivyo, marufuku hayo yalizihusu tu programu zilizotangaza kwamba zimetengenezwa kwa matoleo hayo. Mtengenezaji aliyebaki na namba ya toleo la zamani aliendelea kama kawaida. Kwa maoni yangu, msumari wa mwisho ulipigwa dukani: kuanzia Agosti 2018 duka la programu la Google Play halikupokea programu mpya isiyolenga angalau Android 8.0, na kuanzia Novemba mwaka huo hata masasisho ya programu za zamani yasiyoilenga yakakataliwa. Bila sharti hilo, marufuku yangebaki kwenye makaratasi.

Programu iliyo wazi bado inaweza kujiandikisha yenyewe kwa registerReceiver na kusikia mabadiliko, mradi ijiondoe inapofungwa. Gharama inazikuta zilizofungwa, zinazotegemea JobScheduler. Tangu 6.0, simu iliyotulia mezani kioo kikiwa kimezimwa na haipo kwenye chaji huingia katika hali ya Doze, na maagizo ya JobScheduler hungoja. Fomu iliyojazwa porini pasipo mtandao inaweza kufika mjini, penye mtandao mzuri, na bado isitumwe hadi mfumo ufungue dirisha lake fupi au mtu aishike simu. Mtengenezaji asipoweka maneno “inasubiri kutumwa” kwenye skrini, aliyeijaza ataamini imeshafika.