Sifa za Gitaa la Solo Ukambani

Katika benga ya Wakamba, inayosikika kuanzia masoko ya Makueni hadi Mutomo na Ikutha kwenye ukame wa Kitui Kusini, ufundi unaostahili sifa kuliko wote ni ule wa gitaa la solo, yaani gitaa linaloongoza wimbo kwa nyuzi nyembamba, huku gitaa la ridhimu likishikilia mwendo na la besi likiunguruma chini. Benga ilianzia kwa Wajaluo wa Nyanza, nao Wakamba walipoipokea waliipa mwendo wao wenyewe, mkali na usiotulia.

Aliyeifikisha mbali ni Kakai Kilonzo (1954–1987), kiongozi wa bendi ya Kilimambogo Brothers, ambaye aliimba kwa Kiswahili pamoja na Kikamba na kujipatia wasikilizaji Kenya nzima bila kuyaacha mahadhi ya kwao. Kalambya Sisters nao, waimbaji wa kike waliosindikizwa na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki, walitamba kwa wimbo "Katelina".

Uzuri wa ufundi wa solo ulikuwa katika kusubiri. Wimbo uligawanywa katika pande mbili za santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, na katika upande wa kwanza solo ilijibu tu, ikiingia pale mwimbaji aliposhusha pumzi na kuondoka kabla hajarudi, kama mgeni mwenye adabu asiyekata maneno ya mwenyeji. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza santuri, na ndipo, katika upande wa pili, maneno yalipopungua na magitaa yakaachiwa uwanja. Mpigaji aliyemaliza ujuzi wake wote upande wa kwanza alihesabiwa kuwa hajaiva, na hukumu hiyo ilikuwa ya haki.

Ufundi wa namna hii huwaachia deni wanaoufuata, na kwingineko deni hilo hukiriwa. Bendi ya Hanoi Rocks ya Finland, iliyoundwa Helsinki mwaka 1979 na kusifika kwa roki ya mapambo na mavazi ya kung'aa, ilivunjika mwaka 1985, miezi michache baada ya mpiga ngoma wake, Razzle, kufa katika ajali ya gari Marekani; hata hivyo Guns N' Roses, waliopata umaarufu mkubwa zaidi, walikiri deni lao na kuzitoa upya albamu zake. Ukambani deni la namna hiyo hukiriwa kwa nadra, kwa maana kiongozi hukumbukwa kwa jina, ilhali vidole vilivyoubeba wimbo havitajwi.

Siku hizi kinanda cha umeme huigiza magitaa yote matatu kwa mkupuo, na wimbo huanza kwa kelele ambazo zamani zingengojea upande wa pili. Mwenye solo bado huitwa harusini, angalau kwa ajili ya picha. Mpigaji wa ridhimu, ambaye ndiye aliyemfundisha mwenzake kusubiri, mara nyingi huachwa nyumbani ili kupunguza gharama.