Mtamba Aliyezaliwa Pamoja na Dume

Kamati ya kununua mitamba ilikosea, na ilikosea mchana kweupe. Mtamba wa tatu kati ya watano waliowanunua, yule mweusi mwenye baka jeupe begani ambaye video yake imezunguka simu za watu kuanzia Sake hadi Birere, hakustahili kununuliwa awe mama wa uzao. Mchungaji aliyemleta alitamka mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba mnyama huyo ni pacha na mwenzake ni dume. Baada ya kauli hiyo lilibaki jambo moja tu: kumrudisha zizini na kuita anayefuata.

Badala yake wakaanza kumzunguka. Wakasifu kimo, wakasifu mgongo ulionyooka, wakapapasa mapaja. Mzee mmoja aliyesimama kwenye uzio aliwaambia, “Wanangu, huyo alizaliwa na dume, muacheni,” na hakuna aliyegeuza shingo. Mjumbe mmoja akajibu kwamba pacha ni baraka, kwamba atakuja kuzaa wawili wawili. Kwa mbuzi ningemuunga mkono, maana mbuzi jike wa pacha ni wa kutafutwa. Ng'ombe ni habari nyingine kabisa. Katika kila mitamba kumi waliolala tumbo moja na dume, takribani tisa ni tasa.

Sababu yake inajulikana kitambo. John Hunter aliwapasua wanyama wa namna hii kule London na kuandika habari zao mwaka 1779. Frank Lillie akaeleza chanzo mwaka 1916. Kondo za nyuma za mapacha wa ng'ombe huungana mapema, na mishipa yake ya damu ikishaungana, damu ya ndama mmoja huingia kwa mwenzake. Homoni za dume humfikia jike wakati viungo vyake vya uzazi ndiyo kwanza vinaumbika, na ovari pamoja na mfuko wa uzazi havikui inavyopasa. Dume hutoka na nguvu zake. Jike hutoka akiwa jike kwa nje, na ndani hakuna pa kubebea mimba.

Sasa irudieni ile video, pale anapogeuzwa kuelekea barabarani. Tazameni chini ya mkia: nywele ndefu zimesimama kama kishada. Tazameni chuchu, ndogo mno kwa mtamba wa umri ule. Halafu tazameni hilo umbo lililowapendeza wote, shingo nene na mapaja yaliyojaa. Ng'ombe wa aina hii mara nyingi huelekea umbo la maksai kwa sababu hana ovari za kumpa umbo la kike. Uzuri uliosifiwa pale ndio uliokuwa dalili, na watu wanaojiita wafugaji wakaulipia dola.

Mganga wa mifugo alikuwepo, na alikuwa na glavu ndefu. Kwa mtamba mkubwa angeingiza mkono kwa njia ya haja kubwa na kuupapasa mfuko wa uzazi. Ni kazi ya dakika chache. Kwa ndama wa mwezi mmoja haihitajiki hata glavu ndefu: kijiti laini kisafi kilichopakwa mafuta huingia sentimita 12 hadi 15 kwa ndama mzima, na kwa tasa hukwama kwenye 5 hadi 8. Kamati haikumwomba apime. Walimpa kazi ya kuchukua damu ya kupima brusela, akaifanya vizuri, na wale mitamba wengine wanne wamechaguliwa kwa haki.

Nimelalamika humu mara nyingi juu ya ugonjwa wa kupenda mabaka meusi na meupe ya Friesian, na nitaendelea. Mtu wa Goma akiona Friesian mrefu hukumbuka picha za kalenda na kusahau Masisi ilivyo: miteremko mikali, majani ya kikuyu, kupe wa masikio anayeleta ndigana kali. Mwili mkubwa hula sana, na kwenye mteremko kwato humsumbua. Chotara wa Ankole na Friesian, au wa Ankole na Brune, hutoa maziwa pungufu kwa siku, lakini huhimili na hushika mimba tena.

Wazee wa Masisi waliofuga Kilolirwe na Ngungu kabla ya vita vya 1993 walijua kuchagua mama bila daftari. Mtamba hakuuzwa kabla hujaonyeshwa mama yake akikamuliwa. Waliuliza nyanya alizaa mara ngapi, alikaa muda gani kati ya ndama na ndama, kiwele chake kilining'inia baada ya uzao wa nne au kilibaki kimeshikwa juu. Mabedui wa Uarabuni nao hutaja ukoo wa farasi wao kwa upande wa mama. Dume mashuhuri hufuata baadaye. Leo tunanunua mirija ya mbegu za fahali wa Ulaya, tunakariri jina la baba, na mama tunamchagua kwa picha ya simu.

Siku ile ile kamati ilipokuwa ikinunua palikuwa na mtamba wa kahawia, mfupi, pembe zimeelekea nyuma, nyonga pana. Mama yake alikuwa mita chache kutoka pale na ndama wake wa tano. Chuchu nne zilizopangika sawasawa, mshipa wa maziwa umejikunja chini ya tumbo. Hakuna aliyeuliza bei ya mtamba huyo.

Watetezi wa kamati wananiambia bado ipo nafasi moja kati ya kumi. Ipo. Nafasi ya namna hiyo hupimwa kabla ya pesa kutoka mfukoni, na kama muuzaji anakataa kipimo, mnunuzi ana jibu lake. Sasa apimwe wiki hii, kabla mrija wa mbegu haujapotea juu yake. Ikithibitika ni tasa, wamnenepeshe miezi michache kwenye majani mazuri na wampeleke kwa wachinjaji wa mjini, kisha warudi kumuulizia yule wa kahawia, kama hajanunuliwa na watu wa Rutshuru.